Jicho la Kushoto la Naghenjwa

1

Katika ukoo wa Mbwambo wa Ntenga, kuzaliwa bila kuona halikuwa jambo la kuliliwa. Lilikuwa la kwao, kama koo nyingine zinavyozaliwa na mwanya. Wageni waliopanda milima ya Upare kununua tangawizi walikuta kamba za katani zimefungwa toka mlangoni hadi jikoni, toka jikoni hadi kwenye ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba mababu ili maji ya mlimani yalale humo usiku na yafanye kazi mchana, na toka hapo hadi mashambani. Kila kamba ilikuwa na mafundo yake. Mkono ulisoma, miguu ikafuata.

Ndani ya vizazi vinne, aliyezaliwa akiona alikuwa Naghenjwa peke yake. Tena aliona kidogo mno. Palikuwa na kitundu kwenye pembe ya jicho lake la kushoto, upana wa kitufe cha shati, na ili akitumie ilimbidi alaze kichwa ubavu, kama kuku anayemtazama mwewe angani. Katika miaka yake arobaini na sita hakuwahi kuona uso mzima. Aliona jicho, akahamia puani, akashuka mdomoni, na alipofika kidevuni lile jicho lilikuwa limekwisha kuwa kumbukumbu. Vipande hivyo alivishona mwenyewe kichwani. Hata uso wa marehemu mama yake aliushona hivyohivyo, kipande kwa kipande, akawa anao.

Kitundu hicho hakikuwahi kumlisha. Tangawizi aliichambua kwa vidole na kwa pua kama ndugu zake, na njia aliijua kwa kamba. Kilikuwa cha starehe tu. Alikipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

"Leo ukungu ukoje, mama mkubwa?"

Hilo lilikuwa swali la kila asubuhi la Namsifu, binti wa mdogo wake Niwaeli. Mtoto alikuwa na miaka sita na hakuona hata chembe.

Naghenjwa alilaza kichwa, akatazama kule chini. "Leo umelala. Umejinyoosha juu ya ndiva kama mtu aliyetoka safari, na mguu mmoja umeuning'iniza kwenye migomba."

"Unakoroma?"

"Haukoromi. Ukungu ni mtu mstaarabu."

Namsifu alicheka, kisha akanyamaza akisikiliza, kana kwamba akitega sikio vizuri ataukamata ukungu ukigeuka ubavu.

2

Tangu masika, hakuna mtu mzima aliyetamka neno jicho katika nyumba ile.

Daktari Mchome alikuwa amepanda kutoka kliniki ya macho kule bondeni, akakaa kwenye kigoda jikoni, akataka watu wote wa nyumba wakusanyike. "Sheria inaniruhusu kusema jambo hili mara moja tu, mbele ya wote, kisha niondoke," alisema. "Kwa hiyo nisikilizeni vizuri."

Akawaeleza kwamba kila chembe ya mwili, ile inayoitwa seli, imebeba kitabu kizima cha maagizo, na kurasa za kitabu hicho ndizo jeni. Katika kitabu cha ukoo wao, ule ukurasa unaolifundisha jicho kupokea mwanga ulikuwa na herufi moja iliyokosewa. Herufi moja tu. Watu wengine wenye kosa kama hilo walikuwa wameponywa siku nyingi: daktari alichukua kirusi, akaking'oa meno kisiweze kudhuru, akakibebesha ukurasa uliosahihishwa na kukituma ndani ya jicho. Lakini miili ya ukoo huu ilimfukuza mjumbe huyo. Kaka yao Mbonea alikuwa shahidi. Alitibiwa akiwa na miaka sita, akaona siku arobaini kamili, kisha giza likarudi na halikuondoka tena.

"Sasa," daktari alisema, na sauti yake ikashuka, "dada Naghenjwa alipokuwa tumboni mwa mama yake, seli moja ya jicho la kushoto ilijisahihisha yenyewe. Hatujui kwa nini. Ikazaa nyingine, zikawa kiraka kisichofika hata punje ya dengu. Ndicho anachoonea. Seli hizo zina ukurasa sahihi, na mwili wa mtoto huyu utazipokea kwa sababu ni za damu yake. Tukizipata hai tutazikuza, tutazipanda machoni pake, naye ataona. Lakini zinatakiwa zote. Nusu yazo haioti. Na lazima iwe kabla hajatimiza miaka saba. Kichwani mna chumba cha kuonea. Kikikaa tupu muda mrefu, masikio na vidole huhamia humo, na vikishahamia havitoki."

Wote waliijua sheria ya Asiombwe. Ilitungwa katika enzi za babu zao, baada ya miaka ya aibu ambapo wanyonge waliombwa figo na watu ambao hawakuweza kuwaambia hapana: mwajiri, mkwe, mzazi. Tangu hapo kiungo hai kilitolewa bila kuombwa au hakikutolewa kabisa. Kikiombwa, hata kwa machozi, sadaka ilikuwa batili, na daktari aliyeigusa alifungwa; ndiyo maana msikilizaji wa sheria aliwahoji kwanza mtoaji na mpokeaji.

"Nimesema," Daktari Mchome alimaliza. Akainuka na kuaga. Hata chai hakunywa.

Kuanzia siku hiyo Naghenjwa aliishi ndani ya kimya. Niwaeli alipozungumza naye alichagua maneno kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Majirani walimsalimu, wakakohoa, wakapita. Alitamani hata mmoja amwombe, amkemee, amwite mchoyo, ili naye apate kujibu.

3

Aliyemwomba alikuwa Namsifu mwenyewe.

Walikuwa wamekaa uani, tangawizi iliyooshwa imetandazwa kwenye mkeka ikikauka, na Niwaeli alikuwa hatua chache tu, jikoni, akikoka moto. Mtoto alikuwa akiuparuza ganda mzizi mmoja kwa ukucha. Bila kuinua kichwa alisema:

"Mama mkubwa, nipe jicho lako."

Kuni ziliacha kuvunjika kule jikoni.

Naghenjwa aliyafikiria majibu yote mema ambayo mtu mwema angeyatoa, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

"Hapana," alisema. "Ni langu."

"Haya," Namsifu alijibu. Akauweka ule mzizi kwenye mkeka, akainuka, akaishika kamba ya kuelekea kwenye ndiva, na baada ya muda mfupi akasikika kule akishindana na wenzake kurusha mawe majini.

Niwaeli hakutoka jikoni. Naghenjwa alibaki amekaa, mikono imejaa harufu ya tangawizi, akingoja aibu impate. Ilimpata kweli. Lakini nyuma yake kilikuja kitu kingine ambacho hakukitarajia, kitu chepesi, kama mtu aliyetua mtungi kichwani na shingo ikajikumbuka. Kwa mara ya kwanza tangu masika alikuwa ameulizwa, na alikuwa amejibu.

4

Siku iliyofuata alimtafuta Mbonea. Alimkuta amekaa kwenye ukingo wa ndiva, mguu mmoja majini, akisikiliza kama kuna mahali ukuta unavuja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale kijijini, na hakuna aliyeiweza kama yeye.

"Kaka, ungekuwa wewe..."

"Nyamaza hapohapo," Mbonea alimkata. "Jibu lolote nitakalokupa litakuwa ombi. Utamharibia mtoto na mimi utanitia dhambini."

Maji yaliingia toka mlimani kwa sauti ndogo.

"Basi nieleze zile siku arobaini," Naghenjwa alisema. "Hujawahi kunieleza. Uliona nini?"

"Nilimwona mtu akipiga miayo," Mbonea alisema. "Muuguzi mmoja, hata jina lake silijui. Mimi nilidhani miayo ni sauti tu. Kumbe uso mzima unafunguka kama mlango, halafu unajifunga, na mwenyewe hata hajali! Nilimwomba arudie. Akaniona mwehu."

"Na giza liliporudi?"

"Niligombana na Mungu miaka mitatu. Sikusalimiana naye. Kisha nikaacha, nilichoka." Aliutoa mguu majini, akaupangusa kwa kiganja. "Lakini yule muuguzi bado ninaye. Giza lilichukua jicho. Miayo halikuiweza."

Naghenjwa aliondoka bila kuaga. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alimpigia simu Daktari Mchome na kumuuliza swali moja tu: "Mkikitoa kiraka, na yale niliyokwisha kuyaona mtayatoa?"

"Hapana," daktari alijibu. "Hayo hayakai jichoni, yamehifadhiwa kwingine kabisa. Sikuombi kitu, mama. Nimejibu swali tu."

"Najua. Niandikie siku ya kuja."

5

Siku hizo watu wa mlimani walishuka bondeni kwa gari la waya, kijumba cha kioo kilichoning'inia na kuteleza juu ya mashamba ya mkonge bila mlio wowote. Naghenjwa alikuwa amebandika shavu kwenye kioo, kichwa ubavu, akiitazama ardhi ikipita kipande kwa kipande: mstari wa mkonge, punda, paa jekundu, mstari wa mkonge. Wingu liliwameza, likawatema.

"Dada," Niwaeli alinong'ona. Namsifu alikuwa amesinzia mapajani pake. "Msikilizaji atamhoji na mtoto pia. Wanamhoji mtoaji na mpokeaji."

"Najua."

"Atasema kweli. Huyu hajui kusema lingine." Mkono wa Niwaeli ulimtafuta, ukamshika kiwiko. "Tumwambie aseme hakukuomba. Neno moja tu, dada. Dogo."

Naghenjwa aliligeuza jicho lake kwa mtoto. Aliona kope. Akahamia kwenye shavu lililovimba kwa usingizi. Neno lilikuwa dogo kweli. Lakini angelibeba Namsifu, miaka yote ambayo angeona: kwamba nuru aliipata kwa kufundishwa uongo na watu wawili wanaompenda.

"Usimfundishe," alisema. "Ikibidi turudi na mikono mitupu, turudi."

Niwaeli aliuachia mkono, akageuza uso upande wa pili mpaka walipofika chini.

Msikilizaji wa sheria alikuwa mama wa makamo aliyetoka Mbeya, jina lake Bi. Atuganile. Chumba chake hakikuwa na mashine yoyote. Kilikuwa na meza na viti vinne, na dirisha lililoleta harufu ya vumbi lililonyeshewa.

"Naghenjwa Mbwambo," alisema, "umeombwa na mtu yeyote ukitoe kiraka cha jicho lako?"

"Nimeombwa."

Niwaeli alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejikwaa gizani.

Kalamu ya Bi. Atuganile ilisimama. "Unaelewa maana ya jibu hilo?"

"Naelewa. Mtoto aliniomba. Nikamkatalia."

"Sheria haikutaja umri, mama. Ombi ni ombi."

"Ndiyo. Na hapana ni hapana. Niliisema na hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeninyima chakula. Siku iliyofuata nikaamua kwa akili yangu. Sasa niambie wewe unayeijua sheria: mtu aliyeombwa akakataa, kisha akarudi kwa miguu yake mwenyewe, ametoa kwa kuombwa?"

Bi. Atuganile alimgeukia mtoto, akainamisha sauti kama mtu anayeinamisha mtungi. "Namsifu, ulimwomba mama mkubwa jicho lake?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Akasema hapana, ni lake."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kurusha mawe."

"Ukamwomba tena siku nyingine?"

Mtoto alishangaa. "Kwani si alishasema hapana?"

Naghenjwa alilaza kichwa, na katika kitundu chake akaukuta mdomo wa Bi. Atuganile. Ulikuwa ukitetemeka kidogo kwenye pembe, haujaamua kama utacheka.

"Miaka kumi na tisa nimekikalia kiti hiki," Bi. Atuganile alisema. "Watu huniletea sadaka ambazo hazikuombwa hata kwa kikohozi. Nikimtazama mtoaji najua kabisa kwamba asingeweza kukataa, lakini naandika, maana karatasi ni safi. Hakuna aliyewahi kuniletea hapana." Akaandika polepole, huku akiyatamka maneno ili wasioona wasikie. "Aliombwa na mtoto. Alikataa. Amekuja mwenyewe. Nimeridhika." Akaweka kalamu chini. "Wakubwa wangu wakiniuliza, nitawajibu. Sasa kaa siku tisa bondeni, peke yako, kama sheria inavyotaka. Ukibadili nia, hakuna atakayekuuliza sababu."

6

Siku tisa ni nyingi kwa mtu anayetazama.

Walimpa chumba chenye dirisha la mashariki. Alitazama namna maji yanavyobaki kwenye sakafu baada ya kupiga deki, yakikauka kuanzia pembeni. Alitazama mkono wake mwenyewe, kidole baada ya kidole, akashangaa kwamba alikuwa amezeeka hapo kwenye vifundo na hakuna aliyemwambia. Jicho lilipochoka alilala mchana, na ndotoni kitundu kilipanuka, kikawa dirisha, kikawa uwanja, akatembea humo akiokota vitu.

Siku ya tisa alifunga mzigo wake. Alitoka bila kuonana na mtu, akaenda mpaka kituo cha gari la waya, akakaa kwenye benchi na tiketi mkononi. Magari mawili yalikuja yakaondoka. Mbele yake mwanamke mmoja alipiga goti kumfunga mtoto wake kamba za viatu, na Naghenjwa aliangalia vile vidole vikipindana, vikivuta, vikitengeneza masikio mawili ya sungura. Hakuwahi kujua kwamba fundo la kiatu lina masikio. Gari la tatu lilipofika, aliinuka akarudi kliniki.

Baadaye watu walimuuliza kwa nini alirudi, naye hakuweza kuwaeleza. Hakujiona mwema siku hiyo. Alijiona ameshiba.

7

Kitundu kilizimwa asubuhi ya Jumanne, bila maumivu. Seli zilikuzwa wiki sita, zikapandwa kwa Namsifu wiki moja kabla ya kutimiza miaka saba.

Hapakuwa na vigelegele. Bandeji zilipofunguliwa mtoto alipiga yowe na kujifunika uso. "Kuna kelele machoni!" alilia. Hakumjua mama yake mpaka mama yake aliposema. Kwa siku nyingi alipanda ngazi akiwa amefumba macho, kwa sababu ngazi alizozijua kwa miguu zilikuwa za kweli, na hizi za machoni zilimdanganya. Kisha, kidogokidogo, dunia ikaanza kutulia mbele yake kama tope linavyotuama ndani ya maji.

Na Naghenjwa? Alilia mchana mmoja, tena kwa wivu. Hakumficha mtu. Ilikuwa siku ile Namsifu alipokaa mlangoni tangu asubuhi akimtazama kuku, akakataa kula. Naghenjwa alikwenda chumbani, akafunika uso kwa khanga, akalia mpaka usingizi ukamchukua. Alipoamka giza lilikuwa palepale. Alisikia njaa, akaifuata kamba ya jikoni.

Niwaeli alimpakulia. Walikula wawili, bila haraka.

"Dada," Niwaeli alisema, "ungekataa moja kwa moja ningekuchukia. Nakwambia sasa kwa sababu sasa inaruhusiwa."

"Nilijua."

"Ulijuaje? Sikusema neno. Namshukuru Mungu, sikusema hata neno moja!"

"Niwaeli, miezi minane mfululizo kila kuku aliyechinjwa katika nyumba hii, firigisi yake uliiweka kwenye sahani yangu. Kaka yupo. Wageni wapo. Firigisi kwangu."

Kicheko kilimtoka Niwaeli, kikiwa kimechanganyika na kilio, naye akajaribu kukizuia kwa upande wa khanga, asiweze. "Mbona hukumwambia yule mama wa sheria?"

"Aliniuliza kama nimeombwa, hakuniuliza kama nimelishwa." Naghenjwa alilamba kidole. "Wala siipendi firigisi. Inanishinda kutafuna."

Walikuwa bado wanacheka pale miguu midogo iliposikika ikitoka uani mbio. Namsifu aliingia akihema, akajibanza kwa mama yake mkubwa na kumshika kwa mikono miwili.

"Kuna kitu kinanifuata!"

"Kitu gani?"

"Cheusi. Kiko chini, kimenishika miguuni. Nikikimbia kinakimbia. Nikisimama kinasimama. Kirefu kuliko mimi!"

Niwaeli alishtuka, akawa anapapasa kutafuta fimbo. Hakujua kitu hicho kingeweza kuwa nini. Naghenjwa ndiye aliyejua. Alimvuta mtoto karibu, akaupitisha mkono mgongoni pake, na mgongo ulikuwa na joto la jua la saa kumi.

"Hicho ni kivuli chako," alisema. "Kila mtu anacho. Hakiumi."

"Kinataka nini?"

"Hakitaki kitu, mwanangu. Toka nje ukatembee nacho."

Mtoto alisitasita pale mlangoni. Kisha wakamsikia akitoka, hatua moja, akisimama, hatua nyingine, mpaka ikawa mbio, na vicheko vyake vikishuka kuelekea kwenye ndiva.